Mrejesho: RAM ni GB 8, kompyuta inatumia 3 na ushee

Wadau, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini kompyuta ninayojifunzia ufundi ina RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hutumia ikiwa kazini) ya GB 8 lakini Windows 10 inatumia GB 3 na ushee tu. Mlinishauri nikague aina ya mfumo kabla ya kugusa vijiti vya RAM, na jibu lilikuwa hapo hapo kwenye mipangilio: mfumo endeshi (yaani Windows yenyewe) ni wa biti 32, ilhali prosesa ni ya biti 64.

Aliyenipa hesabu, asante sana. Biti 32 zinatoa anwani 4,294,967,296 za kumbukumbu, kila moja ya baiti moja, yaani GB 4, na sehemu ya anwani hizo huchukuliwa na vifaa kama kadi ya video. Ndiyo maana hata 4 kamili haikufika! Hili kila fundi anayeanza alijue mapema.

Huwezi kupandisha Windows ya biti 32 kwenda 64 juu kwa juu, kwa hiyo nilihamisha mafaili kwanza, nikapiga Windows upya, ya biti 64, kwa flashi. Leseni ilikubali yenyewe baada ya kuunganisha intaneti, kwa kuwa toleo ni lile lile. Draiva (programu inayoendesha kifaa) ya printa tu ndiyo iligoma, mpaka nikaweka ya biti 64.