Wakuu wa Moshi, mimba ya wiki 6 na kutapika: kuna dawa ya kunishikilia siku 7 tu?

Ua la Pasua – Jumatatu, saa 2:10 usiku

Habari za usiku wakuu. Mimi mgeni humu, mnipokee.

Nina mimba changa. Mara ya mwisho kuona siku zangu ilikuwa tarehe 28 Juni, kwa hiyo kwa hesabu yangu leo ni wiki 6 na siku 2. Nimepima mara tatu kwa vile vipimo vya duka la dawa na vyote vimeleta mistari miwili. Cha tatu nilikifuata mpaka Mbuyuni nikidhani wa kwanza kaniuzia boksi bovu. Furaha ninayo, hofu ninayo, sijui ipi imetangulia.

Shida yangu ni kutapika. Nikiamka natapika, nikisikia kitunguu kinakaangwa natapika, nikipita nyuma ya gari la dizeli ndiyo kabisa. Jumamosi nina safari ya kikazi ya siku 7 na siwezi kuwa naziba mdomo mbele za watu. Kuna dawa gani isiyomdhuru mtoto? Naomba msiniambie niende hospitali, nitaenda nikirudi.

Mangi Mdogo – saa 2:19 usiku

Hongera sana dada! Tangawizi. Chemsha, kunywa kidogo kidogo, usigide. Wangu alikuwa analamba ndimu na chumvi, baadaye akahamia kwenye udongo. Siyo ule wa sokoni, ule wa ukuta wa banda la mbuzi. Mpaka anajifungua mbuzi walikuwa wanatuona tukila chakula cha usiku.

Babu Kihamba – saa 2:31 usiku

Vijana wa siku hizi mnapima mara tatu kama mnapima mafuta ya gari. Mama watoto wangu alikuwa anashuka na mkungu wa ndizi kichwani toka Kibosho mpaka sokoni, mimba ya miezi minane, na wote saba wapo. Kutapika ni dalili mtoto ana nguvu. Kunywa uji wa ulezi.

Bibie wa Njoro – saa 2:33 usiku

Babu shikamoo. Saba wapo, na wale ambao hamkuwahi kuwahesabu?

Babu Kihamba – saa 2:40 usiku

Marahaba. Hayo mambo ya wanawake sikuyauliza.

Wakili wa Bure – saa 2:52 usiku

Dada, kabla ya tangawizi ujue haki zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi siku 84 zenye malipo, na siku 100 ukijaliwa zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo. Tena mwajiri haruhusiwi kumpa mjamzito kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Mwandikie barua. Usiende kwa mdomo.

Ua la Pasua – saa 3:05 usiku

Asante wakili, ila kwetu barua hakuna. Ni kazi ya kuitwa. Leo upo, kesho haupo.

Bibie wa Njoro – saa 3:08 usiku

Safari yenyewe ya wapi? Gari au ndege? Na kwa nini hospitali mpaka urudi, hapo Moshi hospitali zimekuishia?

Ua la Pasua – saa 3:20 usiku

Ya kawaida tu dada, ya kutembea tembea. Nikirudi napitia Marangu kwa mama mkwe nipumzike. Nilichouliza ni dawa ya kutapika.

Nesi wa Zamu – saa 3:47 usiku

Nimetoka zamu sasa hivi, nisamehe nikiandika kwa ukali. Kwanza jibu lako: kabla hujainuka kitandani tafuna kitu kikavu, mkate au andazi la jana, kaa robo saa ndipo usimame. Kula kidogo mara nyingi, tumbo tupu ndilo linalotapisha. Dawa zenyewe zipo na nyingine zinafaa kwa mjamzito, ila anakupa mtu aliyekuona, siyo jukwaa. Na anza vidonge vya foliki asidi leo, usisubiri kliniki.

Sasa na mimi nijibiwe. Hii ni mimba ya ngapi? Una maumivu upande mmoja wa tumbo? Umeona damu hata tone? Na "kutembea tembea" siku 7 ndiyo kazi gani?

Mangi Mdogo – saa 3:50 usiku

Navuta kiti.

Ua la Pasua – saa 4:26 usiku

Damu hapana. Maumivu ni kama yale ya kukaribia siku zangu, yanakuja yanaondoka, sijayafuatilia ni upande gani.

Sawa niseme. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro. Jumamosi tunaingia kwa njia ya Machame, siku 7. Kiongozi ameshaandika jina langu na nimeshapokea nusu ya nauli. Kabla hamjaanza: mzigo wa mgeni unapimwa getini, haupiti kilo 20. Na sisi wagumu hatufiki kileleni, tunaishia Barafu, kambi ya mwisho. Nimepanda njia ile mara nyingi kuliko nilivyokwenda Dar. Msimu ndio huu wa Julai na Agosti. Mvua zikija mnanilisha nyie? Nina deni la kikoba la laki nne na wenzangu wameanza kunisalimia kwa sauti ya chini.

Bibie wa Njoro – saa 4:29 usiku

Mungu wangu. "Kutembea tembea".

Mgumu wa Shira – saa 4:41 usiku

Dada yangu, mimi ni mwenzako nina miaka 9 kule juu. Sikuhukumu. Ila unaukumbuka ukuta wa Barranco, pale kwenye lile jiwe la kukumbatia? Kifua kwenye mwamba, mzigo kichwani, nyuma hakuna kitu. Kizunguzungu cha kutapika kikikukuta pale, nani atakushika? Nimeshashusha mtu kwa ile machela ya tairi moja usiku. Kila jiwe analisikia kwenye mgongo, na anauliza tumefika wapi, na jibu ni hatujafika.

Nesi wa Zamu – saa 4:58 usiku

Kilo 20 siyo hoja yangu kubwa. Barafu ni zaidi ya mita 4,600, oksijeni unayovuta pale ni zaidi kidogo ya nusu ya unayovuta pwani. Na nyie wabebaji mnapanda na kushuka haraka kuliko mgeni. Usije ukapewa Diamox, ile dawa ya ugonjwa wa mwinuko, na rafiki ukaimeza, miezi mitatu ya kwanza tunaikwepa.

Kubwa zaidi, hujui mimba imekaa wapi. Kipimo cha mkojo kinasema ipo tu. Ikiwa imetunga kwenye mrija, kuanzia wiki ya 6 mrija unaweza kupasuka. Ukipasuka Moshi mjini, tunawahi. Ukipasuka kule kambini Karanga?

Na swali langu la kwanza umeliruka. Ni mimba ya ngapi?

Bibie wa Njoro – saa 5:10 usiku

Mdogo wangu ilimkuta kwenye Hiace, katikati ya Himo na Moshi. Alisema bega linamuuma, tukamwambia amelalia vibaya. Kumbe ni damu ndani. Konda ndiye aliyegundua, akamwamuru dereva asisimame tena kupakia mtu. Leo ana watoto wawili na yule konda tunamwalika kila Krismasi, anakula mtori kama kwao.

Babu Kihamba – saa 5:15 usiku

Mume yuko wapi katika haya yote? Nyumba isiyo na mwanaume wa kusema hapana ndiyo hii.

Chai Rangi – Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Mmeshiba? Chai hii, na tangawizi ya Mangi imo ndani. ID imefunguliwa jana. Kwanza "safari ya kikazi", watu wakibana anageuka mgumu. Halafu anapandia Machame anashukia Marangu. Wakuu, Machame inatokea Mweka, hata mtoto wa darasa la nne hapa Moshi anajua. Huyu ni mwanaume yuko Tabata anatafuta wafuasi.

Mangi Mdogo – saa 12:52 asubuhi

Duh. Na mimi nilishamweleza mke wangu, ameombea usiku kucha.

Wakili wa Bure – saa 1:15 asubuhi

Kama ni uongo, sheria niliyoitaja ni ya kweli. Muitumie.

Chai Rangi – saa 1:22 asubuhi

Swali dogo tu kwa "mgumu" wetu. Ukitoka Barranco kambi inayofuata ni ipi, na kuna nini pale? Usiende kugugo.

Ua la Pasua – saa 3:35 asubuhi

Nilikuwa natapika kaka, samahani kwa kuchelewa kwenye usaili wako.

Ni Karanga. Na pale kuna maji, ndiyo maji ya mwisho. Ukilala Barafu unayabeba kutoka Karanga, kwa hiyo siku ile mgumu anakwenda mara mbili, mara ya kwanza na mzigo, mara ya pili na madumu. Mgeni akisukutua mdomo Barafu akatema, kuna mtu shingo inamuuma. Marangu ni kwa mama mkwe. Nashuka Mweka, nakwenda mjini, napanda gari la Marangu. Mama mkwe hakai getini.

ID ni mpya kwa sababu mume wangu yumo humu miaka mingi, kule kwenye siasa mnamgongea sana like. Hajui kuhusu mimba. Babu, ndiyo jibu lako hilo.

Mgumu wa Shira – saa 3:41 asubuhi

Huyu ni wa mlimani. Hilo la madumu anayetunga halijui.

Mangi Mdogo – saa 3:44 asubuhi

Wanaume wote wa jukwaa la siasa wenye wake Pasua, leo mtarudi nyumbani mapema.

Nesi wa Zamu – saa 7:02 mchana

Mara ya tatu nauliza.

Ua la Pasua – saa 8:18 mchana

Ya pili.

Ya kwanza ilitoka mwezi wa tatu, wiki ya 9. Ile niliilea kama yai, dada nesi. Niliacha mlima siku niliyopima. Maji nilichotewa, sikupanda bodaboda, sikufua hata leso. Mama mkwe aliniletea mtori kwenye chupa toka Marangu kila wiki, majirani wote walijua, jina lilikuwepo. Nikaamka asubuhi moja nimelala palepale nilipolala, na shuka imelowa. Nilikuwa nimekaa. Sikubeba chochote.

Sasa ninyi mnaniambia nikae tena. Nilikaa. Nikapoteza mtoto, na msimu, na kikoba kikaanza hapo hapo. Safari hii nilijiambia sitamwambia mtu, nitafanya kazi zangu kama haipo, labda itasahau kuondoka.

Bibie wa Njoro – saa 8:25 mchana

Pole mama. Pole sana.

Chai Rangi – saa 8:50 mchana

Pole dada. Maneno yangu ya asubuhi niyafute au niyaache?

Ua la Pasua – saa 8:58 mchana

Yaache. Yamenifanya nicheke kidogo.

Nesi wa Zamu – saa 10:30 jioni

Nimesoma nikiwa wodini, nikaweka simu chini, nikarudi.

Hukufanya kosa. Mimba zinazotoka kabla ya wiki ya 12 ni nyingi kuliko watu wanavyosema, na sehemu kubwa yai lenyewe lilikosea kugawanyika siku za mwanzo kabisa, kabla hujajua una mimba. Kulala kusingeiokoa. Hata sisi tulishaacha kuwaandikia watu kulala kitandani kwa sababu hiyo. Kwa hiyo sikwambii ukae. Fua, pika, nenda sokoni, panda gari lolote. Nakwambia usipande mita 4,600 ukiwa hujui mimba iko wapi. Hayo ni mambo mawili na wewe umeyafunga furushi moja.

Utrasaundi kabla ya Jumamosi. Na waulize kundi lako la damu. Kama ni hasi, na ile ya kwanza ilitoka bila sindano ya Anti-D, ile ya kuzuia damu ya mama kuishambulia ya mtoto, wanapaswa kujua.

Babu Kihamba – saa 11:05 jioni

Binti yangu, nisamehe kwa yale ya jana. Nimemuuliza mama watoto. Amesema walikuwa tisa. Miaka yote hii sikujua.

Ua la Pasua – Alhamisi, saa 12:20 jioni

Wakuu nimepima leo. Jina la hospitali sitaji. Nimekaa foleni toka saa 2 asubuhi, nimekunywa maji mpaka nikaona bora mlima.

Mimba iko ndani ya mji wa mimba. Kifuko kinaonekana, kama mbegu ya parachichi iliyopigwa picha usiku. Ila mapigo ya moyo bado hayajaonekana. Daktari kasema ni mapema, kapima juu ya tumbo, na tarehe zangu zinaweza kuwa zimesogea siku kadhaa. Nirudi baada ya wiki mbili. Nikamuuliza, ni habari njema au mbaya? Kasema, "Ni habari ya wiki ya sita." Kundi langu la damu ni O chanya.

Nimempigia kiongozi nikamwambia tumbo linanisumbua, aniweke safari ya Septemba. Kasema sawa, haraka sana, jina langu lilikuwa limeshapata mtu wa Rombo kabla sijakata simu. Nauli nimerudisha. Nimelia, sijui nalilia nini. Begi bado liko mlangoni, mume wangu kaliruka mara mbili, hajauliza.

Mgumu wa Shira – saa 12:34 jioni

Septemba wageni bado wapo. Na kuna wapishi wa mahoteli ya chini wanatafuta wasaidizi, nitaulizia.

Bibie wa Njoro – saa 12:40 jioni

Mwambie mumeo leo. Siyo lazima mama mkwe, siyo lazima jina. Yeye tu.

Ua la Pasua – saa 12:47 jioni

Nasubiri amalize kuwajibu watu wa siasa.

Tumaini la Sakina – saa 4:11 usiku

Samahani kwa kuingilia uzi, mimi niko Arusha. Nimepima jioni hii, mstari wa kwanza mwekundu kabisa, wa pili umefifia mpaka nimeupeleka dirishani kuuangalia. Ni mimba au siyo? Nimechanganyikiwa na sina wa kumuuliza.

Ua la Pasua – saa 4:15 usiku

Uliofifia nao ni mstari, dada. Tulia, kunywa maji. Rudia keshokutwa na mkojo wa kwanza wa asubuhi, na kipimo nunua duka jingine. Una maumivu upande mmoja? Hii ni ya ngapi?