Mtoto wa Kakuma aanze kusoma kwa lugha gani?

Mwalimu wa Gredi ya Kwanza:
Wadau, naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ipo Turkana tangu 1992, na shule zake zinafuata mtaala wa Kenya. Sera ya lugha inataka gredi tatu za mwanzo mtoto afunzwe kwa lugha ya pale anapoishi. Pale ni Kiturkana. Darasani mwangu wamo Wadinka, Wanuer, Wasomali, Wakongo, Warundi, na Moromo mmoja asiye na wa kupiga naye gumzo. Basi tunawatumbukiza wote kwenye Kiingereza. Kufikia muhula wa tatu "wanasoma" ukurasa mzima. Geuza kitabu miguu juu, wanaendelea vilevile. Mimi nasema tuanze na Kiswahili. Nipingeni.

Mzazi wa Kakuma 3:
Mwalimu, kwa heshima, nakupinga. Kwetu ni Kidinka nyumbani na Kiarabu cha Juba sokoni. Kiswahili tumekikuta huku. Lugha rasmi ya Sudan Kusini ni Kiingereza, na hata tukipelekwa Marekani ni kilekile. Mwanangu ana miaka 14, anakaa dawati moja na watoto wa miaka 7. Unataka umzungushe tena?

Mwalimu wa Gredi ya Kwanza:
Mzee, nakuelewa. Lakini kusoma ni kazi mbili: kujua herufi inatoa sauti gani, na kujua neno lina maana gani. Kiswahili kinarahisisha ile ya kwanza. Vokali tano, hazibadiliki. Akishika ba be bi bo bu, amepata njia. Kiingereza kinamhadaa: *one*, *bone*, *gone*, *done*, mkia ni mmoja, sauti tatu. Nimfundishe kanuni gani hapo?

Mzazi wa Kakuma 3:
Na ile kazi ya pili? Wangu anakusomea "bakuli" vizuri kabisa. Muulize bakuli ni nini.

Ustadh wa duksi (madrasa ya Wasomali):
Hapo mzee kakupata, mwalimu. Niongeze langu. Watoto wetu wa Kisomali hawaji shuleni mikono mitupu. Wameshasoma alifu, be, te kwenye ubao wa duksi, kutoka kulia kwenda kushoto. Wengine dada zao wamewafunza Kisomali, ambacho kinaandikwa kwa herufi za Kilatini tangu 1972. Huko *Cali* ni Ali na *Xasan* ni Hassan. Sasa mtoto akisoma *c* ya *cat* kwa koo, mwalimu anacheka na darasa linacheka. Siku hiyo ndiyo anayojifunza kunyamaza. Tungeanza kwa kumuuliza anajua kusoma nini tayari.

Mama Mkongo:
Nyie mnadhani sisi Kiswahili kimetuokoa? Binti yangu anasema "batoto" tangu azaliwe. Kitabu kinasema "watoto". Kila insha inarudi na wino mwekundu, anaambiwa lugha yake ni mbovu. Kusoma, lakini, alishika haraka kuliko wenzake. Hilo sikatai.

Jirani wa Kasulu:
Huku Tanzania njia ni nyingine. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, Wakongo wamekuwa wakifuata mtaala wa Kongo na Warundi mtaala wa Burundi. Mrundi amekuwa akianza kusoma kwa Kirundi, lugha aliyonyonya, kwa hiyo lile swali la bakuli halipo. Ila mpango wenyewe umejengwa juu ya dhana kwamba watarudi. Wapo waliozaliwa kambini na sasa wana watoto wao.

Mwalimu wa posho:
Mimi pia ni mkimbizi, nimefika kidato cha nne, chuo cha ualimu sijakiona. Darasa langu lina zaidi ya watoto 100, kitabu kimoja wanachungulia sita. Leteni lugha yoyote mtakayo. Mtoto aliye nyuma haoni hata ubao.

Mwalimu wa Gredi ya Kwanza:
Ndugu yangu, nakubali, ila idadi hiyo si mimi wala wewe atakayeipunguza kesho. Kuhusu bakuli nimeshindwa, mzee. Silabi nitaendelea kufundisha kwa Kiswahili, lakini maneno nitachukua yale wanayoleta wenyewe, nayaandika ubaoni kama yanavyotamkwa, Kidinka, Kisomali, na "batoto" pia. Maneno ya Kidinka nitayahitaji kwako. Huyo wa miaka 14 aje jioni, anisaidie kuyaandika.

Mzazi wa Kakuma 3:
Atakuja. Lakini Kiingereza chake usikiguse.