Altezza RS200 ya gia za mkono: nataka gia ziingie haraka zaidi, nianzie wapi?

mzee_wa_gia6:
Wakuu habari za jioni. Nna Altezza RS200, ile ya 3S-GE yenye gia 6 za mkono, injini iko poa kabisa haina shida yoyote. Shida ni gia. Nikiivuta namba 2 mpaka injini ifike mizunguko 7,000 kwa dakika hivi afu nikarusha namba 3, liva inagoma kwanza kama imegusa kitu kigumu ndo inaingia, na nikilazimisha inasaga krrr. Asubuhi gari ikiwa ya baridi namba 1 kwenda namba 2 ndo usiseme. Huwa naenda nayo autokrosi, zile mbio za kushindana na saa, na pale kila gia inayochelewa unaiona kwenye saa.

Fundi mmoja ananiambia nifunge liva fupi tu nimalize kazi. Mwingine anasema tufungue gia boksi apunguze meno kwenye sinkronaiza, ile sehemu inayolinganisha spidi za gia kabla hazijaingia, abakize moja aruke moja, eti ndo gari za rali zinavyofanywa. Nataka pesa yangu iende mahali sahihi, nisaidieni. Na oili ya gia boksi pia, kila duka na lake, huyu anasema daraja la GL-4 huyu GL-5.

fundi_wa_temeke:
Mkuu kabla hujanunua chochote angalia klachi kwanza. Hizi gari saivi zina miaka zaidi ya 20, na nyingi zinazoletwa gereji kwa kesi ya gia ngumu shida iko kwenye masta za klachi, zile silinda mbili za fluidi zinazosukuma klachi, gia boksi haina hatia. Fanya hivi: zima injini, pitisha gia zote. Zikiingia laini, washa injini, kanyaga klachi mpaka chini, pitisha tena. Kama saivi zinagoma basi klachi haiachii yote, yani pleti bado inaburuzwa na flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Afu kanyaga haraka haraka mara mbili tatu ndo uweke gia, ikiingia kirahisi ujue kuna upepo kwenye laini au masta imechoka.

Ingia chini uangalie masta ya chini, ile iliyofungwa pembeni ya gia boksi. Vua kile kimpira chake cha vumbi. Ukikuta ndani kuna unyevu, yale maji meusi meusi ya breki fluidi iliyochanganyika na vumbi la mpira, basi kikombe cha ndani kimekwisha na hapo hakuna liva fupi itakayokusaidia. Badilisha na ya juu kabisa kwa pamoja maana ukiweka mpya chini ya juu nayo haikawii kufuata. Mpira wa klachi, ule wa kupitisha fluidi, nao ukizeeka unavimba ukikanyaga, presha inaishia humo badala ya kwenda kusukuma uma wa klachi, wengi wa autokrosi wanaweka ule uliofumwa na waya wa stenlesi. Fluidi ya DOT 4 mpya, toa upepo vizuri, na usikae nayo miaka, inavuta unyevu wa hewani na huku pwani ndo zaidi.

namba_tatu:
Naongezea kwa fundi, ni vizuri ujue ndani kunatokea nini maana watu wengi wanadhani gia inachelewa sababu mkono una safari ndefu. RS200 namba 2 ni 2.175 na namba 3 ni 1.484, kwa hiyo ukitoa 2 kwenye 7,000 ile shafti ya kuingilia pamoja na klachi pleti yake inatakiwa ishuke mpaka karibu 4,800 ndo gia zilingane spidi. Nani anaishusha? Ile ringi ya sinkronaiza. Inajikaba kwenye koni ya gia kama breki, na mpaka spidi zilingane inazuia kabisa meno yasiingie. Huo ugumu unaousikia mkononi ndo ringi iko kazini. Namba 1 kwenda 2 pengo ni kubwa zaidi, kutoka 7,000 unaangukia chini kidogo ya 4,000, ndo maana hapo pagumu, na asubuhi oili ikiwa nzito ringi inachelewa kuikata ile filamu ya oili ili ishike koni.

Sasa liva fupi inafanya nini, inasogeza egemeo, safari ya mkono inapungua lakini nguvu unayotakiwa kuweka inaongezeka. Muda wa ringi uko palepale. Kama ringi zako ni nzima utaipenda sana, mkono unakuwa na hakika hupotei njia. Kama zimeisha, unakuwa umejiongezea uwezo wa kuzilazimisha, utakula uma za kusukuma gia na meno yake. Kwa hiyo liva fupi ni ya mwisho.

Kabla yake kuna kitu cha bei ndogo: bushi ya plastiki chini ya liva. Weka gari namba 3 injini imezimwa, tikisa liva kushoto kulia. Ikicheza cheza nyingi bushi imekwisha, weka mpya. Cheki na mauntingi ya gia boksi, mpira ukilegea boksi inahama wakati wa kuvuta na unaporusha gia hutui palipo sawa. Mi vitu hivi viwili navipa heshima kuliko liva yoyote ya dukani.

pwani_boxer (Mombasa):
Kuhusu oili. GL-5 ina dawa nyingi zaidi ya kuhimili mgandamizo kwa ajili ya meno ya difu, na utelezi wake kwenye ringi nyingine unachelewesha kukaba, tena baadhi ya dawa zake zinakula shaba. Sie wenye Subaru za mkono hatuna ujanja maana difu ya mbele iko ndani ya gia boksi na zinatumia oili moja, kwa hiyo ni GL-5 tu. Wewe ndugu yangu difu yako iko nyuma peke yake, una uhuru zaidi. Fuata kitabu cha gari yako, chukua 75W-90 sinthetiki ya kampuni inayoandika wazi kwamba ni ya gia boksi yenye sinkronaiza. Usije ukajaza 85W-140 ukidhani nzito ndo inalinda, asubuhi utalia.

Unapomwaga ya zamani angalia sumaku ya nati ya chini. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Ukiona oili inang'aa vipunje vya dhahabu dhahabu ujue hizo ni ringi zinaisha, vipande vya chuma vyenye kona ni meno, hapo fungua.

fundi_wa_temeke:
Na hilo la kupunguza meno mkuu KATAA. Kweli dogi boksi, gia boksi ya mashindano isiyo na sinkronaiza, ipo na inaingia haraka kuliko kitu chochote, gari za Rally1, daraja la juu la rali za dunia, unazoziona Naivasha kwenye Safari Rally zinatumia gia 5 za kufuatana, liva unavuta na kusukuma, hakuna sinkronaiza. Lakini zile zimetengenezwa hivyo toka mwanzo, meno machache makubwa yenye nafasi ya kudondokea, na kompyuta inakata moto sekunde kidogo ili gia iachie. Ukichukua boksi ya kawaida ukachonga meno, kwenye foleni ya Mandela Road utabadilisha gia kwa kugonga tu, kona zinalika, afu gia inaanza kuruka yenyewe ukiachia mafuta. Spea za ndani za hiyo boksi sio za kuokota.

Ukiwa na pesa kidogo baada ya klachi, flaiwili nyepesi ina faida, injini inashuka haraka unapokanyaga klachi kwa hiyo ukiachia hakuna mshtuko. Ila kuondoka mlimani inahitaji mguu wenye adabu.

mzee_wa_gia6:
Asanteni sana wakuu. Nimefanya ile ya kuzima na kuwasha. Injini ikiwa imezimwa zote zinaingia laini, nikiwasha namba 1 na 2 zinagoma, nikipampu klachi zinaingia. Kimpira cha masta ya chini nimekivua, kimelowa. Kesho naulizia masta zote mbili na ule mpira wa waya, nikimwaga oili nitaweka picha ya sumaku hapa.

namba_tatu:
Piga picha kabla hujaifuta, na oili yenyewe iweke kwenye chombo cheupe juani ndo vipunje vinaonekana.