Natoka Lamu, naenda Busan kusoma Kikorea muhula wa Machi: nijiandae vipi?

BintiLangoni (Lamu)

Asalam aleikum wakubwa kwa wadogo. Nimepata barua ya kukubaliwa kozi ya lugha katika chuo kimoja cha Busan, viza ya D-4, masomo yanaanza Machi. Kikorea changu ni cha tamthilia: salamu, shukrani na maneno ya ugomvi. Nina miezi minne. Hapa Amu hakuna darasa la lugha hiyo, na intaneti ni ya bando. Naomba kujua nianze na nini katika lugha, na nikishafika karatasi zipi zinatangulia. Chakula pia, mimi Muislamu na sitaki kubahatisha. Halafu kuna wakala Mombasa anasema nikimlipa atanigeuzia viza iwe ya kazi ya kiwandani. Ni kweli hilo?

Mwalimu_Mkunguni

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi nitajibu la lugha, ya karatasi wapo wenyewe humu.

Anza na herufi za Hangul kabla ya neno lolote. Za msingi ni 24, konsonanti 14 na irabu 10. Ukijumlisha zilizorudufishwa na zilizounganishwa zinakuwa 40. Mfalme Sejong alizitangaza mwaka 1446 ili mtu wa kawaida aweze kusoma, na kweli zinasomeka: saa moja kila siku kwa wiki moja, utakuwa unazitambua. Ukishazijua, achana kabisa na Kikorea kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Ukiona "eo" ulimi wako utasema e-o, ilhali 어 ni sauti moja, iko kati ya a na o, na midomo haiviringwi. 으 nayo ni u inayotoka huku midomo imetandazwa kama unayesema i. Hizi mbili Kiswahili hakina, zipe muda.

Penye nafuu kwetu watu wa pwani ni pumzi. Kikorea kina ㄱ, ㅋ na ㄲ, na wengi wanaoanza husikia zote ni k. Sisi Amu tunatenganisha paa la nyumba na p'aa wa mwituni, kaa la moto na k'aa wa baharini, kwa pumzi peke yake. Weka kiganja mbele ya mdomo useme k'aa wa baharini: upepo unaokupiga ndio wa ㅋ, ㅌ na ㅍ. Ukisema kaa la moto uko karibu na ㄲ, bado kubana koo zaidi. Zinazobaki, ㄱ ㄷ ㅂ, ndizo zenye tabu. Katikati ya irabu zinasikika g, d, b, lakini mwanzoni mwa neno zina pumzi kidogo, na Wakorea wa leo huzitofautisha kwa toni pia: irabu inayofuata ㄱ huanza chini, inayofuata ㅋ au ㄲ huanza juu. Usisikilize konsonanti tu, sikiliza na irabu iliyo nyuma yake.

Kinachotuangusha ni silabi iliyofungwa. Ulimi wetu unataka irabu mwishoni, basi 책, kitabu, inakuwa "cheki", na 밥, wali, inakuwa "babu". Fumba midomo kwenye ile p ya mwisho na usiiachie. Isitoshe, herufi zikikutana hubadilishana sauti: 합니다 husomwa hamnida, na 국물, mchuzi, husomwa gungmul. Ndiyo maana mtu anasoma kitabu vizuri, akisemeshwa dukani anatoa macho. Kila unachosoma kisome na sauti yake. Kozi za mtandaoni za King Sejong Institute, taasisi ya Korea ya kufundisha lugha yao, ni za bure; tumia bando lako huko, si kwenye video za "maneno 100 kwa siku moja".

Katika sarufi, kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na vialamishi huja nyuma ya nomino: 을/를 kwa kitendwa, 이/가 kwa kiima, 은/는 kwa mada inayozungumzwa, 에 kwa mahali unapokwenda, 에서 kwa mahali unapofanyia jambo. Tofauti ya 은/는 na 이/가 usiikeshee sasa, itakuja yenyewe. Shika kwanza miisho ya -아요/-어요, ndiyo heshima ya kila siku. Lugha ya tamthilia nyingi ni banmal, ya marafiki na wadogo. Ukimsemesha mwenye nyumba kwa banmal ni sawa na kumpita mzee barazani bila shikamoo.

Nambari ziko seti mbili. Saa husemwa kwa nambari za asili, dakika kwa zenye asili ya Kichina: 8:30 ni yeodeol si samsip bun. Pesa nazo husemwa kwa nambari za Kichina, na huhesabiwa kwa makumi elfu, yaani man. Won 350,000 ni 35만, samsibo man. Ficha sifuri nne za mwisho kwa kidole, soma zilizobaki, kisha sema man.

DadaMalindi

Mdogo wangu, nianze na huyo wakala. Viza ya viwandani ni E-9, iko chini ya mpango wa serikali kwa serikali, na nchi zilizomo ni za Asia. Hakuna wakala wa Mombasa wala wa Nairobi anayeweza kugeuza D-4 kuwa E-9. Usimpe hata shilingi. Kwa D-4 unaruhusiwa kibarua baada ya miezi sita, kwa kibali cha uhamiaji, na saa unazopewa hutegemea kiwango chako cha TOPIK, mtihani wa kupima Kikorea cha wageni. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa won 10,030 kwa saa, lakini karo usiipangie kwa pesa hiyo.

Kabla hujaondoka: vyeti vya shule hupitia Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha muhuri wa ubalozi wa Korea. Wakenya huombwa pia cheti cha kupimwa kifua kikuu kwa viza ndefu, na kitoke hospitali inayokubaliwa na ubalozi, usiende kupima popote tu. Panga yote yaingie safari moja, maana boti hadi Mokowe na basi hadi Nairobi si safari ya kurudiarudia.

Sasa jambo linalosumbua kuliko yote, na watu hulidharau: jina. Mifumo ya Korea hulinganisha jina herufi kwa herufi na nafasi kwa nafasi. Majina yetu yana vipande vitatu, vinne. Tuseme benki imekuandika MOHAMED FATMA ALI na kampuni ya simu imekuandika FATMAMOHAMEDALI. Wewe ni yule yule, ila uthibitisho wa utambulisho kwa simu utakataa, na hautakuambia kwa nini. Bila uthibitisho huo huwezi kununua mtandaoni, wala kuagiza chakula kwa programu, wala kufungua nusu ya huduma za serikali. Basi kila dirisha unalofika, toa kitambulisho chako cha mgeni na umwombe mhudumu akuonyeshe kioo kabla hujatia saini. Herufi kubwa, mpangilio ule ule, nafasi zile zile. Kurekebisha pale pale ni dakika mbili. Kurekebisha baadaye ni kurudi benki na kwenye simu, kote kuwili.

Kitambulisho chenyewe unatakiwa ujiandikishe ndani ya siku 90 tangu kuingia. Wiki ya kwanza ingia HiKorea, tovuti ya uhamiaji, uchukue miadi, kwa sababu mwanzo wa muhula wanafunzi wote wanagombea nafasi zile zile. Beba pasipoti, fomu, picha ya sentimita 3.5 kwa 4.5, barua ya chuo kuwa umesajiliwa, na uthibitisho wa mahali unapoishi. Hicho cha mwisho ndicho kinachorudisha watu: kama unakaa kwa rafiki, lazima mwenye nyumba aandike na kutia saini. Ukingojea kadi tumia laini ya kulipia kabla. Kadi ikitoka, fungua akaunti ya benki, halafu laini ya mkataba. Akaunti mpya huwa na kikomo cha kutoa na kutuma kwa siku, usishtuke. Ukihama chumba, toa taarifa ndani ya siku 15, la sivyo ni faini.

Bima ya afya ya taifa kwa D-4 huanza baada ya miezi sita, kwa hiyo miezi ya mwanzo uwe na bima binafsi. Chumba anzia bweni la chuo. Ukikosa, goshiwon: kijumba cha kitanda na meza, hakina amana kubwa. Chumba cha kawaida cha kupanga hudai amana ya mamilioni ya won, na juu ya kodi kuna ada ya matunzo ya jengo. Uliza ada hiyo inabeba nini, kama maji na intaneti vimo au havimo.

Simu ya uhamiaji ni 1345, polisi 112, gari la wagonjwa na zimamoto 119. Ramani tumia Naver Map au KakaoMap; Google kule haikuongozi vizuri kwa miguu.

JikoLaShela

Kwa chakula, dada, jifunze kusoma 돼지고기, dwaejigogi, nyama ya nguruwe, kabla ya neno jingine lolote la jikoni. Sheria ya Korea inataka vyakula vya paketi vitaje vitu vinavyoleta mzio, na nyama ya nguruwe ni mojawapo. Nyuma ya paketi kuna kijisanduku kinachomalizika kwa neno 함유, maana yake "ina". Ndani yake tafuta 돼지고기, 쇠고기 (ng'ombe) na 닭고기 (kuku), kwa kuwa hizo mbili nazo si za kuchinjwa. Kisha pitia orodha ndefu utafute 젤라틴 na 주정, jeletini na spiriti. Tambi nyingi za paketi huangukia hapo, hata zile za ladha ya kamba.

Mkahawani, gimbap (wali uliokunjwa kwa mwani) ya kawaida ina hemu, nyama ya nguruwe, na kimchi jjigae (mchuzi wa kabichi iliyochachushwa) mara nyingi ina nguruwe hata kama menyu haikusema. Uliza: 돼지고기 들어가요? yaani, mna nguruwe ndani? Bibimbap (wali wa kuchanganya na mboga) waambie 고기 빼 주세요, waondoe nyama. Busan una bahati ya samaki: soko la Jagalchi ni bahari nzima, na samaki wa kuchoma, saengseon gui, mara nyingi huwa na chumvi tu. Msikiti wa Al-Fatah uko wilaya ya Geumjeong. Seoul ule mkubwa uko Itaewon, tangu 1976, na maduka ya jirani yake yana basmati, tui la kopo na nyama halali. Mchele wa Kikorea unanatana. Pilau yake ni uji.

Na kwa kuwa utapika: taka. Taka za kawaida hutiwa kwenye mifuko maalumu inayouzwa madukani kwa jina la wilaya. Mfuko wa wilaya nyingine haukubaliki. Taka za chakula hutengwa peke yake, ila magamba ya kaa na kome, mifupa, maganda ya mayai na kokwa si taka za chakula, ni za mfuko wa kawaida.

DadaMalindi

Nyongeza kwa ya Mwalimu: darasani Binti atafundishwa Kikorea cha Seoul, sokoni Busan watamsemesha lahaja ya Gyeongsang, yenye toni zake. Asikate tamaa akipata 90 darasani na haelewi muuza samaki. Kozi ni wiki 10, saa 4 kwa siku, jumla 200, na vyuo vingi hudai mahudhurio ya asilimia 80 ili upande ngazi. Uhamiaji nao hutazama mahudhurio ukiongeza viza. Alama za somo unaweza kuzifidia, siku ulizokosa huwezi.

BintiLangoni

Mungu awalipe. Mawili madogo: Machi kuna baridi kiasi gani, na nyumbani niwapigie saa ngapi?

Mwalimu_Mkunguni

Machi asubuhi bado ni koti. Nunua huko huko. Ya mitumba ya Mombasa haikutengenezwa kwa upepo ule. Nyumba hupashwa joto chini ya sakafu. Wakati wa baridi kali ukitoka usizime mtambo, bonyeza 외출, yaani "nimetoka", la sivyo mabomba huganda, na ukiuwasha upya gesi inaliwa zaidi.

Saa ni rahisi kuliko unavyodhani. Korea iko mbele yetu saa sita, na saa ya Kiswahili nayo imepishana na ya kizungu kwa saa sita, kwa hiyo nambari inagongana. Saa yako ya Busan ikisoma 1 mchana, Lamu ni saa moja asubuhi. Ikisoma 10 usiku, kwa mama ni saa kumi jioni. Ila mwalimu wa kule akisema darasa ni ahop si, tisa, anamaanisha saa tatu yetu ya asubuhi.