Naomba ushauri: virusi wa bakteria anajuaje wakati wa kulala na wa kuamka?

Salaam wanachama. Nafundisha baiolojia kidato cha nne huku Likoni, na swali hili la mwanafunzi limenikaa kichwani.

Nimewaeleza kuhusu faji lamda, mmoja wa faji, yaani virusi wanaoshambulia bakteria. Jeni zake hujipachika kwenye DNA ya bakteria, kisha protini iitwayo CI huzizima jeni za kuua. Bakteria akigawanyika, watoto wake humrithi virusi akiwa amelala. Mionzi ya urujuanimno ikiharibu DNA, protini ya bakteria mwenyewe, RecA, huifanya CI ijikate. Basi virusi huzaliana hadi seli ipasuke. Mwanabiolojia Mfaransa André Lwoff na wenzake walionyesha nguvu ya mionzi hiyo mwaka 1950 huko Paris, kwa bakteria wa aina nyingine, si yule anayeishi na lamda.

Darasa lilinyamaza niliposema jeni za sumu ya kipindupindu zimebebwa na faji. Kipindupindu hapa Pwani si hadithi ya kitabuni.

Ninapokwama: seli mbili zilizo pamoja, moja inakufa, nyingine inabaki na mgeni aliyelala. Nasoma kwamba faji wengi wakiingia seli moja, huelekea zaidi kulala. Nilielezeje hilo kwa lugha nyepesi bila kupotosha?

La pili, hadubini yetu ni ya mwanga tu, faji haonekani. Kufuga bakteria bila otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) naona ni hatari. Nafikiria mchezo wa kadi, kila mwanafunzi awe seli. Aliyewahi kufundisha mada hii, tafadhali anielekeze: kadi za CI na RecA nizipangeje?