Nimempata mbwa aliyepotea: nimtafuteje mwenyewe?

Swali: Tangu jana jioni nina mbwa jike wa rangi ya kahawia aliyenifuata hadi mlangoni. Hana ukanda, lakini manyoya ya shingoni yamelala kwa mviringo, jambo linaloonyesha kwamba aliwahi kuvishwa. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza: Mpeleke kwa daktari wa mifugo apitishiwe kisomaji cha chipu (kidude kidogo cha utambulisho), ambayo kwa kawaida hupandikizwa chini ya ngozi katikati ya mabega na hubeba namba yenye tarakimu 15. Chipu haionyeshi mbwa alikotoka. Ni namba tu, nayo haisaidii kitu iwapo mwenyewe hakuisajili au alibadilisha simu bila kutoa taarifa. Hadi hapo, mtenge na wanyama wako, kwa kuwa hujui kama amechanjwa.

Jibu la pili: Nakubali, ila katika tangazo lako usieleze kila kitu. Ficha alama moja, kama vile kovu au doa la tumboni, ili anayedai kuwa mbwa ni wake aitaje bila kudokezwa, tena aonyeshe picha za zamani. Mkia kutikisika si ushahidi. Wapo mbwa wanaomchangamkia yeyote.

Muulizaji: Nashukuru. Alama ninayo, nami sitaitaja hapa.