Acheni kukata majina ya wapigapicha katika picha mnazotuwekea

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Katika jukwaa letu hili la mtandaoni tuna desturi nzuri ya kuwekeana picha tunazozipenda za ndege za kivita, meli, wanyamapori, milima na anga za juu, na wengine wetu huzisubiri kwa hamu. Lakini picha nyingi zinazoletwa siku hizi zimenyofolewa jina la mpigaji, tarehe na mahali zilipopigwa, kisha zikabandikwa maelezo ya kubuni. Na mtu akithubutu kuuliza chanzo, anaambiwa aache ujuaji, atazame picha apite. Huo ni wizi, na juu ya wizi ni uongo.

Nianze na lililonigusa mwenyewe. Picha yangu ya MV Liemba ikiwa imetia nanga Kigoma imewekwa humu na mtu ambaye sitamtaja, bila ruhusa wala jina langu. Jina lilikuwa kona ya chini kulia, kwa herufi ndogo zisizomsumbua mtazamaji. Ili kuliondoa, mhusika amekata ukanda mzima wa chini, na ukitazama vizuri utaona mtumbwi uliokuwa mbele ya meli umebaki nusu, na mvuvi aliyekuwamo amekatwa kiunoni. Kisha akaandika kwamba hiyo ndiyo manowari Königsberg iliyozama Rufiji. Königsberg ilikuwa manowari ya Wajerumani iliyoizamisha HMS Pegasus huko Zanzibar mwezi Septemba 1914, ikajificha katika delta ya Rufiji, na ikamalizwa hukohuko mwezi Julai 1915 baada ya kupigwa mizinga na meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey. Liemba ni meli nyingine kabisa: iliundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika. Maelezo hayo yote yalikuwa chini ya picha yangu. Mtu aliyeyafuta na kuweka ya kwake hawezi kuniambia kwamba alipitiwa.

Kwa upande wa ndege za kivita hali ni hiyohiyo. Ile picha ya F/A-18 Hornet iliyozungukwa na wingu jeupe lenye umbo la koni imebandikwa mara nyingi mno, na kila mara tunaelezwa kwamba tunaiona ndege ikivunja ukuta wa sauti, yaani ikiuzidi mwendo wa sauti. Picha hiyo ina mwenyewe. Aliipiga John Gay, mwanamaji wa jeshi la Marekani, tarehe 7 Julai 1999, akiwa kwenye manowari ya kubebea ndege USS Constellation katika bahari ya Pasifiki. Tena wingu lile si ukuta wa kitu chochote: ndege inapokaribia mwendo wa sauti katika hewa yenye unyevu mwingi, shinikizo la hewa hushuka ghafla kuizunguka, hewa hupoa, na mvuke uliomo hugeuka matone. Jambo hilo huweza kutokea hata kabla mwendo wa sauti haujafikiwa. Sentensi mbili tu za maelezo zingetosha, na mtazamaji angeipenda picha zaidi.

Linaloniudhi kuliko yote ni habari ya Ziwa Natron, kwa sababu ziwa hilo ni letu. Mnaziweka picha za ndege waliokakamaa wakiwa juu ya matawi na juu ya maji, huku mkiandika kwamba maji ya ziwa hilo humgeuza jiwe papo hapo kila kiumbe anayeyagusa. Picha hizo ni za Nick Brandt. Aliiokota ukingoni mizoga iliyokuwa imekauka na kuhifadhiwa na chumvi na magadi, akaipanga katika mikao ya viumbe hai, ndipo akapiga. Na hilo alilieleza mwenyewe waziwazi. Ni kazi ya sanaa, na kama kazi ya sanaa inastahili heshima yake. Mkimfuta Brandt mnafuta pia maelezo ya namna alivyoipata, na kinachobaki ni hadithi ya kutisha kuhusu ziwa ambalo heroe wadogo wa Afrika Mashariki hulitegemea kuzaliana, wakijenga viota vya matope katikati ya magadi ambako wanyama wengi walao nyama hawawezi kuwafikia. Mtoto wa shule wa Arusha anayesoma porojo hizo kwa Kiswahili, kutoka kwa Mtanzania mwenzake, ana kila sababu ya kuziamini.

Picha za anga za juu ndizo zimeharibiwa vibaya zaidi. Chukueni ile ya Nguzo za Uumbaji katika nebula (wingu la gesi na vumbi angani) ya M16, iliyopatikana kwa darubini ya Hubble mwaka 1995 na kutayarishwa na Jeff Hester na Paul Scowen. Ile halisi ina pengo jeusi lenye umbo la ngazi katika kona ya juu, kwa sababu mojawapo ya kamera nne zilizoungana kuipiga ilikuza zaidi, hivyo sehemu yake ilipopunguzwa ilingane na nyingine ikaacha nafasi. Kuna mtu ameleta nakala ambayo pengo hilo limejazwa nyota za kubuni, akaiita picha halisi. Wengine wanaleta michoro ya akili mnemba na kudai ni ya darubini ya James Webb, ilhali nyota angavu katika picha za Webb huwa na miale sita mikubwa na miwili midogo, na katika michoro hiyo kila nyota ina miale ya idadi yake.

Tatizo hili si geni. Mwaka 2001 ilisambazwa kwa barua pepe picha ya papa akimrukia mtu anayening'inia kwenye ngazi ya helikopta, ikidaiwa kuwa picha bora ya mwaka ya National Geographic. Zilikuwa picha mbili zilizounganishwa: helikopta ilipigwa na Lance Cheung karibu na daraja la Golden Gate, na papa alipigwa na Charles Maxwell huko False Bay, Afrika Kusini. Picha hiyo imebandikwa tena humu hivi karibuni, ikashangiliwa, na hakuna jina hata moja kati ya hayo mawili lililotajwa.

Msiniambie kwamba kutafuta chanzo ni kazi ngumu. Kupakia picha kwenye mtambo wa kutafutia na kuona ilikotoka ni kazi ya dakika chache kwa simu ileile mnayoitumia kuibandika. NASA kwa kawaida haidai malipo kwa picha zake. Inachoomba ni kutajwa.

Nawaomba waratibu waondoe kila picha isiyo na jina la mpigaji au chanzo, kuanzia uzi ujao wa picha, na iliyounganishwa au kutungwa na mashine iandikwe hivyo juu kabisa. Aliyetafuta jina akalikosa aandike kwamba amelikosa, ili mwenye kulijua aliongeze.